Jina Tu, Miaka Kumi

Eric Gitari alifungua kesi mwaka 2013, baada ya bodi ya serikali iliyokuwa ikiratibu mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Kenya kukataa kumsajilia shirika lenye maneno “gay” na “lesbian” katika jina lake. Ilimchukua takriban miaka kumi! Februari 24, 2023, majaji watatu wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walisema bodi ilibagua, kwani Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake. Mitaani kelele zikapanda, eti ushoga umehalalishwa. Wapi! Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 14, hakikuguswa. Mbunge George Kaluma aliomba hukumu ipitiwe upya; akagonga mwamba mwaka huohuo.