Mgeni wa Misheni Naye Apewe Jembe



Kuna jambo limetugawanya vijana siku hizi, na mimi naona tuliseme wazi. Kila likizo za Ulaya na Marekani zikifika, wageni wa misheni wanakuja West Nile. Wanashuka Entebbe, wanapanda gari mpaka Arua, halafu tunawaona Rhino Camp, Imvepi, au Lobule kule Koboko. Wanaimba na sisi, wanahubiri, wanacheza mpira na watoto, siku kumi zinaisha, wanarudi kwao. Wengine kati yetu wanasema: basi, imetosha, wasije tena. Wengine wanajibu: waje tu, mbona karo ya fulani inalipwa na watu wale wale?

Mimi nasema waje. Lakini waje kwenye nyumba yenye wenyewe.

Wazee wetu wana methali mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida yetu ni kwamba tumeshika ile ya kwanza peke yake. Tunamngoja mgeni atuponye, na jembe tunalificha nyuma ya nyumba.

Ukiwasikiliza wageni siku ya kuaga, wanasemaga nini? Hawasemi "tumewafundisha". Wanalia, wanasema wamefundishwa. Mtu alizoea ibada ya saa moja yenye kupimwa kwa saa ya ukutani, amekaa saa nne chini ya mwembe na hakuchoka. Amesikia adungu ikipigwa kanisani, ngoma ikaingia, bibi wa miaka sabini akainuka kucheza. Amekula enyasa kwa mkono kutoka sahani moja na watu asiowajua. Amemsikia mama aliyezika watoto wawili njiani akimshukuru Mungu kwa ajili ya asubuhi, na hapo maneno yote aliyoandaa kwenye karatasi yamekauka mdomoni. Hayo ni mambo mapya kwake, ya kiroho na ya kiutamaduni. Siyadharau. Naamini yanabadilisha watu kweli.

Sasa jiulize: nani amefanya kazi hiyo? Ni kwaya iliyofanya mazoezi wiki tatu. Ni mama aliyetoa unga wakati mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Ni kijana aliyetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, Kibari na Kilugbara kuanzia asubuhi mpaka jioni, akapewa soda na asante. Safari ya misheni ni shule, na mwanafunzi ni mgeni. Walimu ni sisi. Tatizo letu ni kwamba tunafundisha huku tukijiona ombaomba.

Historia ya hapa inatusaidia kulielewa hili. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na kabla ya hapo walikuwa tayari upande wa Kongo. Neno lao halikusambaa kwa nguvu ya wageni peke yao. Walioenda nalo kijiji kwa kijiji walikuwa watu wa hapa, kwa miguu na kwa lugha zao. Mpaka leo Mkongomani akiingia ibada ya Kilugbara, anaweza asielewe kitu, halafu ghafla anasikia "Mungu", neno lile lile la kwetu. Neno hilo nalo lilikuwa mgeni. Likakaa, likapewa kazi, likawa mwenyeji.

Na misheni ya ng'ambo haikuanza na ndege. Kuna Apolo Kivebulaya, Muganda, aliyevuka kwenda Mboga mwaka 1896, mahali ambapo leo ni Ituri, kwetu wengine. Hakupokewa na mapambio. Alipigwa, akafungwa, akaondolewa, akarudi tena. Chifu Tabaro aliyempinga, baadaye alibatizwa. Apolo aliingia msituni kwa Wambuti na kujifunza lugha yao, akafa 1933 akiwa kule kule Mboga. Wanaosimulia maisha yake wanasema aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake pale. Sisemi kila mgeni akae miaka kama Apolo. Nasema yeye alipokea jembe, ndiyo maana jina lake limebaki.

Wenyeji wetu wa West Nile wanaijua zamu ya pili pia. Utawala wa Amin ulipoanguka 1979, na hasa kuanzia 1980, watu wengi wa hapa walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojificha kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, hapo karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari. Waliosalia wengi waliishi kwetu kama wakimbizi, wakasali kwenye makanisa yetu. Ndiyo maana mzee wa Kilugbara akikupa kiti, usidhani ni huruma tu. Analipa deni, au anakumbuka. Hapa mgeni na mwenyeji wamebadilishana viti mara nyingi.

Basi jembe lenyewe ni lipi? Naona mambo manne.

La kwanza, picha. Mtoto wa mtu hapigwi picha bila mzazi kuulizwa kwa lugha anayoielewa, na awe na ruhusa ya kukataa bila kukosa biskuti. Sisi wakimbizi tuna sababu zaidi: wengine tumekimbia watu ambao bado wanatutafuta. Picha iliyowekwa mtandaoni kwa furaha inaweza kumfikia asiyepaswa kuiona.

La pili, ushuhuda. Mgeni asimwombe msichana asimulie mabaya yaliyompata mbele ya watu thelathini ili ibada iwe na machozi. Ushuhuda unatoka kwa mwenyewe, siku yake ikifika. Tena wageni nao washuhudie! Watuambie kwao kuna nini: upweke, wazee wanaoachwa peke yao, makanisa yanayofungwa. Sisi tunajua kuombea watu. Mbona hawatupi mzigo wao?

La tatu, kazi ya mikono. Kiwanja cha familia kambini mara nyingi ni mita 30 kwa 30. Siku moja ya wageni iwe ya kupalilia muhogo pamoja na mama mwenye kiwanja, kuchota maji, kukaa jikoni kwenye moshi. Tusiwatafutie ukuta wa kupaka rangi ambao vijana wetu wangeupaka wenyewe na kulipwa. Na mkalimani alipwe. Kutafsiri ni kazi.

La nne linawahusu zaidi nyinyi wa mashirika. Mahubiri na mgao visikae kwenye foleni moja. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini. Kambini tuna Wakristo na Waislamu, na jirani yetu Yumbe Waislamu ndio wengi. Mama Mwislamu akiimba pambio ili apate sabuni, hapo hakuna aliyeokoka. Kuna mtu amedhalilishwa, na jina la Yesu limetumika kama kadi ya mgao.

Najua jibu la rafiki zangu: "Ukiwawekea masharti hawatarudi, na karo je?" Hilo si swali la mchezo. Kuna watoto wanasoma kwa sababu ya wageni hao, na siwezi kumwambia mzazi akatae. Lakini angalia vizuri: wanaoendelea kulipa karo mwaka wa tatu, wa nne, ni akina nani? Kwa wale ninaowajua mimi, ni wale waliokaa jikoni, wakajua jina la mama na jina la mbuzi wake. Mgeni wa picha anasahau akifika kwao. Mgeni wa jembe ana kovu mkononi, hawezi kusahau. Masharti yatatupunguzia wageni wachache, sawa. Wanaobaki watakuwa ndugu.

Na sisi vijana je, lini tutaenda misheni ng'ambo? Wengi mnauliza hivyo, na uchungu wenu naujua. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unatupa haki ya hati ya kusafiria, lakini kuipata ni safari nyingine ndefu, na hairuhusu kurudi nchi uliyoikimbia. Kutoka hapa mpaka Vurra ni safari ya boda tu. Kwaya ya wenyeji inaweza kualikwa Aru ikaenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Sisi Wakongomani tunasindikiza kwa macho, maana kuvuka kunaweza kutuharibia hadhi yetu ya ukimbizi.

Lakini ng'ambo nyingine iko karibu. Mkongomani wa Lobule hajawahi kukaa ibada nzima ya Wasudani Kusini. Msudani wa Imvepi hajawahi kulala kwa Mlugbara na kula kwake. Twende huko, bila kipaza sauti, tukae siku tatu, na siku ya tatu tuombe jembe sisi wenyewe. Tukifanya hivyo, tutajua tunachowadai wageni wa mbali, maana tutakuwa tumekilipa kwanza.

Kwa hiyo barua ya wageni ikija tena, kikundi kiijibu kwa maandishi: karibuni, na haya manne ndiyo utaratibu wa nyumba yetu. Naomba tuliweke kwenye ajenda ya mkutano ujao. Anayekataa aje na hoja, tutamsikiliza.