Biti ni Thumni ya Baiti: Wajibu wa Wanakiswahili katika Vipimo vya Data

Mkulima wa viazi wa Olenguruone, katika Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, hahitaji kufundishwa kwamba kipimo ni suala la lugha. Kwa miaka mingi neno "gunia" lilikuwa na maana moja kwa muuzaji na nyingine kwa mnunuzi. Gunia la mnunuzi lilishonewa nyongeza mdomoni, likajazwa hadi likavimba, ilhali bei ilibaki ya gunia moja. Ndipo kanuni za zao hilo za mwaka 2019 zikaweka kilo 50 kuwa upeo wa gunia. Mizani zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni neno lenye maana moja kwa pande zote mbili. Tatizo la jinsi hiyo hiyo sasa limo katika simu ya mkulima huyo, na wanaopaswa kulishughulikia, pamoja na wahandisi, ni wanakiswahili.

Kampuni za mawasiliano hutumia vipimo viwili kuuza data. Kasi ya intaneti hutajwa kwa biti kwa sekunde, lakini kifurushi anachonunua mteja na ukubwa wa faili anayoipakua hutajwa kwa baiti. Biti ni kipande kidogo kabisa cha taarifa: sifuri au moja. Biti nane hufanya baiti moja. Katika maandishi, tofauti hii kubwa huachiwa ukubwa wa herufi moja tu: Mb ni megabiti, MB ni megabaiti. Anayetaka kugeuza biti kuwa baiti hugawanya kwa nane; anayerudi nyuma huzidisha kwa nane. Katika kupima kasi, kilo, mega na giga hupandana kwa elfu elfu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Olenguruone anayetaka kupakua faili ya somo yenye megabaiti 150, kwa huduma iliyotangazwa kuwa ya megabiti 10 kwa sekunde. Asiyejua tofauti atagawanya 150 kwa 10 na kutarajia kungoja sekunde 15. Hali halisi ni kwamba megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu, kwa hiyo faili hiyo itachukua sekunde 120, yaani dakika 2. Hata hizo ni endapo kasi iliyotangazwa itapatikana kikamilifu, kwani umbali kutoka kwenye mnara, vilima na wingi wa watumiaji huipunguza. Kwa kasi hiyo hiyo, kifurushi cha gigabaiti 1 kinaweza kwisha kwa sekunde 800, dakika 13 na ushei. Mtumiaji wa namna hii hupata hasara mara mbili: atadhani amelaghaiwa pale ambapo hakulaghaiwa, na siku atakapolaghaiwa kweli hatakuwa na lugha ya kudai haki yake.

Je, maneno haya yalitoka wapi? "Bit" lilichapishwa mwaka 1948 katika makala ya Claude Shannon, ambaye alieleza kuwa lilipendekezwa na John Tukey. "Byte" lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM, naye aliliandika kwa herufi y makusudi ili lisije likachanganywa na lile la kwanza. Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Walichagua neno "octet", lenye asili ya nane, na alama yake wakaifanya o. Kiswahili kilitohoa maneno yote mawili, tukapata biti na baiti. Utohozi si dhambi. Lugha yetu imekua kwao. Hata hivyo, katika utohozi huu hesabu yenyewe ya nane haikupata mahali pa kukaa.

Nayo lugha haikukosa hazina. Thumni ni sehemu moja ya nane, na wazee wengi wa Kenya wanalijua neno hilo, au sumni, kama jina la sarafu ya senti hamsini. Ukisema "biti ni thumni ya baiti," umeitaja kanuni nzima ya kugeuza vipimo hivi kwa maneno matano. Lugha iliyojua kwamba pishi ni vibaba vinne haiwezi kushindwa na baiti yenye biti nane.

Wapo watakaosema kwamba vipimo hivi ni vya kimataifa na kwamba wanaovihitaji wanajua Kiingereza. Alama na zibaki. Hakuna anayetaka kuzifuta. Maelezo ndiyo yanayodaiwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Habari iliyofichwa katika ukubwa wa herufi haijamfikia mtumiaji.

Kwa hiyo, matangazo ya Kiswahili na yaandike megabiti na megabaiti kwa ukamilifu, badala ya kuacha herufi mbili zijieleze. Kamusi zetu, zinapofasili baiti, zitaje nane waziwazi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo viandae maelezo ya ukurasa mmoja, yenye mifano ya hesabu, na kuyafikisha shuleni na katika maduka ya simu ya miji midogo kama Olenguruone. Istilahi isiyotoka nje ya ukumbi wa kongamano haijazaliwa bado.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema hivyo wakijua kwamba muuzaji na mnunuzi wanakijua kibaba kimoja.