Zuma: Mchezo uliompa mwigaji sifa na kumwachia mvumbuzi kilio

ZAIDI ya miaka 20 imepita tangu mchezo wa kompyuta uitwao Zuma uingie sokoni Desemba 2003, lakini wachezaji wake hawajafikia mwafaka juu yake. Wapo wanaouhesabu miongoni mwa michezo bora ya kupumzisha akili kuwahi kutengenezwa. Wapo wanaouona kuwa ni gololi zilezile zinazozunguka njia ileile hadi mtu achoke. Na wapo wachache wanaohoji jambo zito zaidi: kwamba sifa zinazomiminwa kwa mchezo huo zilistahili kwenda kwa watu wengine kabisa.

Hoja hiyo ya tatu ndiyo isiyosikika sana, ingawa inagusa maisha ya kila mtu anayeishi kwa ubunifu wake. Wateja wanapochagua kazi kwa uzuri wake bila kuuliza imetoka wapi, nani hulipwa na nani hubaki mikono mitupu?

Chura, gololi na fuvu

Kanuni za mchezo huo ni chache. Kwenye kioo cha kompyuta amekaa chura wa jiwe, aliyechongwa kwa mtindo wa mahekalu ya kale ya Mexico. Msururu wa gololi za rangi mbalimbali hutambaa katika njia iliyopindapinda kuelekea kwenye shimo lenye umbo la fuvu. Mchezaji humgeuza chura kwa kipanya na kumtemesha gololi. Gololi tatu au zaidi za rangi moja zikigusana, hutoweka. Ya kwanza ikifika kwenye fuvu, msururu mzima humezwa na mchezaji hupoteza nafasi moja kati ya chache alizopewa.

Urahisi huo hudanganya. Chura hubeba gololi mbili kwa wakati mmoja, moja mdomoni na nyingine mgongoni, na mchezaji anaweza kuzibadilisha nafasi kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Msururu ukikatika katikati na ncha mbili zilizobaki zikawa za rangi moja, huvutana na kugongana. Hapo mchezaji mwenye jicho la mbali huweza kufuta mafungu kadhaa kwa gololi moja tu. Anayefaulu kupenyeza gololi katika pengo la msururu wa mbele na kupiga wa nyuma huongezewa pointi. Rangi huanza chache, kisha huongezeka kadiri hatua zinavyopanda, na mbele ya safari njia huwa mbili badala ya moja.

Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni ya PopCap Games ya Seattle, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2000 na vijana watatu, John Vechey, Brian Fiete na Jason Kapalka. Kampuni hiyo ilikwishajipatia jina mwaka 2001 kwa mchezo wa vito uitwao Bejeweled. Utaratibu wake wa biashara ulikuwa wazi: mteja alipakua mchezo kutoka kwenye intaneti, akaucheza bure kwa muda wa saa moja, kisha akatakiwa kulipa takriban dola 20 za Marekani ili uwe wake moja kwa moja.

Sifa na lawama

Wanaousifu Zuma hutaja kwanza kwamba hauhitaji mwalimu. Mtu ambaye hajawahi kushika mchezo wa kompyuta huuelewa katika dakika ya kwanza, na anaweza kuuacha wakati wowote simu ya ofisini inapolia. Kwa sababu hiyo, michezo ya aina hii ilivuta kundi ambalo watengenezaji wa michezo ya vita na ya kandanda walikuwa wamelisahau: watu wazima, wengi wao wanawake, waliotaka dakika 10 za burudani na si usiku mzima wa mapambano.

Sifa ya pili ni kwamba mchezo hupunguza mawazo. Hapa panahitaji uangalifu. Utafiti unaotajwa sana katika mjadala huu ulifanywa katika Chuo Kikuu cha East Carolina nchini Marekani na matokeo yake kutangazwa mwaka 2008. Ulionyesha kwamba michezo mepesi inaweza kuinua hali ya mchezaji na kupunguza msongo. Hata hivyo, ulifadhiliwa na PopCap yenyewe, na michezo iliyopimwa ilikuwa Bejeweled 2, Bookworm Adventures na Peggle. Zuma haikuwamo.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika Peggle, mchezaji hulenga akiwa ametulia na hakuna kinachomkimbiza. Zuma haina saa inayohesabu kwenye kioo, lakini msururu wenyewe ndio saa, na kila gololi inayosogea humkumbusha mchezaji kwamba muda unakwisha. Ndiyo maana wachezaji wawili wanaweza kutoka katika mchezo uleule, mmoja akidai amepumzika na mwingine akidai mapigo ya moyo yamepanda, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kwa upande wa lawama, la kwanza ni uchovu wa kurudiarudia. Baada ya mahekalu kadhaa, jambo jipya huwa ni umbo la njia na kasi ya gololi. La pili ni bahati. Wachezaji wengi hunung'unika kwamba chura huwapa rangi wasiyoihitaji msururu unapokaribia fuvu. Manung'uniko hayo yana ukweli nusu. Rangi hutoka bila mchezaji kuichagua, lakini mwenye uzoefu huitumia ile gololi ya mgongoni kama akiba, na huitupa isiyofaa mahali ambapo itamsaidia baadaye.

La tatu halisemwi mara nyingi: mchezo unaotegemea rangi humweka nje mtu ambaye macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kasoro hiyo ya macho huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na kwao suala si ustadi wala bahati.

PopCap ilijaribu kujibu lawama ya kurudiarudia mwaka 2009 ilipotoa Zuma's Revenge. Humo chura aliweza kuruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mwishoni mwa kila sehemu akakutana na adui mkubwa wa kupambana naye. Baadhi ya wachezaji walifurahia mabadiliko hayo. Wengine walisema yameongeza vitu ambavyo hawakuviomba, na wakarudi kwa chura wa zamani.

Malalamiko kutoka Japani

Mabishano hayo yote yanachukulia kwamba mchezo ulizaliwa Seattle mwaka 2003. Haikuwa hivyo. Mwaka 1998, miaka 5 kabla ya Zuma, kampuni ndogo ya Kijapani iitwayo Mitchell Corporation ilitoa mchezo wa Puzz Loop kwa ajili ya mashine za kuingiza sarafu zinazowekwa katika kumbi za burudani. Gololi za rangi zilizunguka katika njia ya mviringo kuelekea katikati. Mchezaji alifyatua gololi kutoka hapo katikati. Tatu za rangi moja zilitoweka. Mwaka 1999 mchezo huo ulifika Amerika Kaskazini katika mashine za PlayStation kwa jina la Ballistic.

Mitchell ililalamika kwamba Zuma imeingilia haki zake. PopCap ilijibu kwamba mchezo wake si nakala kamili ya ule wa Kijapani. Mabishano hayo hayakuzuia Zuma kuendelea kuuzwa.

Mwaka 2006 Mitchell ilirudi sokoni na mchezo wa Magnetica, uliochapishwa na Nintendo kwa ajili ya mashine ndogo ya DS, ambapo mchezaji alirusha gololi kwa kalamu juu ya kioo. Ulikuwa ni mwendelezo wa kazi yake yenyewe ya mwaka 1998. Lakini wachezaji wengi walioukuta walikuwa wamekwisha kuizoea Zuma, na baadhi yao wakauita mwigo. Baba akaambiwa amemwiga mwanawe.

Sheria inalinda nini

Msomaji anaweza kushangaa jambo hilo liliwezekanaje. Jibu liko katika msingi wa sheria ya hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inasema bayana kwamba hakimiliki hailindi wazo, mfumo wala njia ya kufanya jambo. Hulinda namna ambavyo mtu amelieleza wazo hilo. Kwa maneno mengine, kanuni ya kulinganisha gololi tatu haina mwenyewe. Mchoro wa chura, muziki, maandishi na programu ya kompyuta vina mwenyewe.

Mpaka huo ulipimwa mahakamani mwaka 2012, pale kampuni inayomiliki haki za mchezo wa Tetris ilipoishtaki kampuni ya Xio Interactive mbele ya mahakama ya shirikisho ya New Jersey. Mahakama ilikubali kwamba kanuni za Tetris zingeweza kutumiwa na yeyote, lakini ikaona kwamba mshitakiwa alikwenda mbali zaidi kwa kunakili sura yenyewe ya mchezo, na ikampa ushindi mwenye Tetris.

Kwa kipimo hicho, PopCap ilikuwa imejikinga. Ilichukua kanuni zinazofanana, lakini ikazivika vazi lake: chura, fuvu, mahekalu na ngoma. Wanaoitetea husema pia kwamba ilifanya kazi ya kweli ya kuulainisha mchezo, kuongeza njia nyingi na kuufikisha kwa mamilioni ambao wasingeingia katika ukumbi wa mashine za sarafu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kanuni hiyo si ngeni. Mchezo wa bao huchezwa kuanzia Zanzibar hadi Malawi, na hakuna anayetoza ada kwa kugawa kete. Fundi hulipwa kwa kuchonga bao, si kwa sheria za mchezo. Tofauti ni kwamba bao limerithiwa kwa vizazi na mvumbuzi wake hajulikani. Mvumbuzi wa Puzz Loop alijulikana, alikuwa hai kibiashara, na alikuwa akilalamika.

Aliyeiga naye aigwa

Hesabu za mwisho zinaeleza mengi. Julai 2011 kampuni ya Electronic Arts ilikubali kuinunua PopCap kwa dola milioni 650 taslimu na hisa za dola milioni 100, pamoja na malipo ya ziada ambayo yangetegemea mapato ya baadaye. Mwaka uliofuata, 2012, Mitchell Corporation ilifunga shughuli zake. Haitakuwa haki kudai kwamba Zuma pekee ndiyo iliyoiua kampuni hiyo, kwani soko la mashine za sarafu lilikuwa likisinyaa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mchezo wake uliopendwa zaidi duniani ulipendwa kwa jina la mwingine.

PopCap nayo haikusalimika. Mapema mwaka 2005 soko lilipata Luxor ya kampuni ya MumboJumbo, yenye gololi zilezile, safari hii katika mandhari ya Misri ya kale. Zilifuata nyingine nyingi. Baada ya simu za kisasa kuenea, maduka ya programu yalijaa michezo ya gololi yenye vyura, majoka na mafarao, mingi ikitolewa bure.

Bure hiyo ina bei yake. Mchezaji aliyelipa dola 20 mwaka 2004 alimaliza deni lake siku ileile. Anayecheza bure leo hulipa kwa kutazama matangazo baada ya hatua kadhaa, na matangazo hayo hula kifurushi chake cha intaneti. Mingine humuuzia nafasi za kuendelea pale anapokwama, na mtengenezaji ndiye anayeamua akwame wapi. Lawama ya zamani kwamba chura hutoa rangi mbaya kwa makusudi ilikuwa utani. Katika mchezo unaouza njia ya kujinasua, ni swali halali.

Wachezaji wa ukanda huu nao wana sehemu yao katika simulizi hii. Nakala nyingi za Zuma zilizochezwa katika kompyuta za ofisini na migahawa ya intaneti zilipita mkono kwa mkono kwa CD na flashi. Nakala hizo hazikumpa mtengenezaji wa Seattle senti moja, seuze yule wa Japani.

Maoni ya wachezaji yataendelea kugawanyika kuhusu kasi, bahati na rangi, na ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wanaokaa mbele ya kioo. Lakini katika sifa na lawama zote zilizotolewa kwa zaidi ya miaka 20, jina la Puzz Loop limetajwa mara chache mno, na wengi wa waliokesha wakimtemesha chura gololi hawajawahi kulisikia.