Sakafu ya bahari juu ya mlima

Wiki hii tunazungumza juu ya mawe.

Watoto wetu wa Butembo na Beni wanatuuliza: ardhi inaweza kutembea? Ndiyo, na kuna mawe yanayoshuhudia. Wataalamu wanayaita ofioliti, jina lililotoka katika Kigiriki, maana yake jiwe la nyoka, kwa ajili ya rangi yake ya kijani yenye madoa. Ni kipande cha sakafu ya bahari kilichobaki juu ya nchi kavu.

Kinafikaje huko? Chini kabisa ya bahari kuna mahali ardhi inapasuka. Mawe yaliyoyeyuka yanapanda katika ufa, yanakutana na maji baridi, yanaganda kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Ufa unazidi kufunguka, na sakafu inapanuka pole pole. Baadaye mabara mawili yanasogeleana, na bahari inafungwa. Mara nyingi sakafu hiyo inazama chini ya bara. Lakini pengine ukingo wa bara ndio unaoingia chini, na sakafu ya bahari inapanda juu yake, kama mkeka juu ya mkeka mwingine.

Huko Oman, wanakoishi ndugu wengi wanaosema Kiswahili, sakafu ya namna hiyo ilizaliwa miaka kama milioni 95 iliyopita. Leo ni milima yenye urefu wa karibu kilomita 500. Karibu zaidi nasi, kuna vipande vya kale sana huko Moroto, Uganda, na Sekerr, Kenya.

Na Ruwenzori yetu? Si ofioliti, wala si volkano kama Nyiragongo. Ni mawe ya kale sana yaliyoinuliwa huku bonde la Semliki likishuka, kwa sababu hapa kwetu bara lenyewe linapasuka. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la ardhi liliua watu pande zote mbili za mpaka, Kongo na Uganda.

Basi nyumba ikitikisika, tusitafute jirani wa kulaumu. Tuwafundishe watoto: ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara na ufunike kichwa, ukiwa nje, kaa mbali na kuta. Na leo jioni tutazame juu ya kitanda cha mtoto. Kama kuna mzigo mzito pale, tuushushe.