Mabosi wa Man United walikosea, wafanyakazi wadogo wakalipa

Utani wa Man United msimu wa 2024/25 umepigwa mpaka ukachacha. Kwenye matatu, kazini, kwenye vibanda vya mpira, kila shabiki wa Arsenal aligeuka mchekeshaji. Nafasi ya 15! Mimi ni shabiki wa United na sikatai, wacha wasee wacheke, tumeyataka wenyewe. Lakini kuna sehemu ya msimu huo ambayo haichekeshi hata kidogo, na ndiyo nataka tubonge leo. Makosa yalifanywa na wakubwa, halafu bili ikapelekwa kwa watu ambao hawajawahi kupiga hata kona moja pale Old Trafford.

Tuanze uwanjani, maana hesabu haina huruma. Mechi 38, ushindi 11, sare 9, vichapo 18. Mabao 44 ya kufunga, 54 ya kufungwa. Pointi 42. Tangu timu iteremshwe daraja mwaka 1974, haijawahi kumaliza msimu wa ligi chini namna hiyo. Nyumbani pekee walipoteza mechi tisa. Bournemouth walikuja wakatia matatu bila jibu. Brighton wakashinda 3-1. Crystal Palace, Wolves na West Ham nao wakaingia, wakabeba pointi zote tatu na kwenda zao.

Sasa angalia hizo pointi 42 zilitoka wapi. Kati ya mechi 11 walizoshinda, tano zilikuwa dhidi ya timu tatu zilizoshuka daraja: Southampton mara mbili, Leicester mara mbili, Ipswich mara moja. Ongeza sare moja na Ipswich, hizo ni pointi 16. Ukiziondoa, unabaki na pointi 26 kwa mechi 32. Manze, hiyo ni timu iliyookolewa na ubovu wa wengine. Southampton walimaliza na pointi 12, Ipswich 22, Leicester 25. Mwaka 2003 West Ham walishuka daraja wakiwa na pointi 42, hizohizo.

Wengi wakifika hapa huanza kuwarushia wachezaji mawe. Onana hivi, Højlund vile. Sawa, walicheza vibaya. Lakini mchezaji hajisajili mwenyewe, na kocha hajiandikii mkataba mwenyewe. Turudi nyuma kidogo.

Mei 2024, Erik ten Hag anashinda Kombe la FA kwa kuichapa Manchester City 2-1. Uongozi unakaa wiki kadhaa ukitafakari kama umfute ama umbakishe, halafu Julai unamwongezea mkataba hadi 2026. Wanamnunulia wachezaji wa karibu Pauni milioni 200: De Ligt, Mazraoui, Yoro, Zirkzee, Ugarte. Ligi inaanza, mechi tisa zinachezwa, na Oktoba 28 Ten Hag anapigwa kalamu. Kumbuka ni miezi minne tu tangu wampe mkataba huo mpya.

Dan Ashworth naye ni kisa kizima. Huyu ndiye mkurugenzi wa michezo waliyemvizia kutoka Newcastle, wakamsubiri kwa miezi mpaka akaachiliwa. Aliingia Julai. Desemba alikuwa nje. Kumlipa Ten Hag na wasaidizi wake waondoke, na kumlipa Ashworth aondoke, kuliigharimu klabu Pauni milioni 14.5, karibu Sh2.5 bilioni. Hapo bado hujahesabu takriban Pauni milioni 11 walizowapa Sporting ya Lisbon ili wamwachilie Ruben Amorim.

Na Amorim mwenyewe alisema wazi kwamba angependa kuja mwisho wa msimu, akaambiwa ni sasa ama basi. Akaja Novemba na mfumo wake wa 3-4-3, akakuta kikosi kilichonunuliwa kwa mfumo mwingine kabisa. Katika mechi 27 za ligi alizosimamia msimu huo, alishinda saba tu. Ni kama kununua sufuria za kupikia pilau, halafu katikati ya sherehe unamleta mpishi wa keki na kumwuliza mbona hakuna keki.

Halafu kuna Scott McTominay. Kijana aliyelelewa na klabu tangu utotoni, akauzwa Napoli Agosti 2024 kwa sababu mchezaji wa akademia ukimuuza, bei yote inaandikwa faida vitabuni. Huko Italia alifunga mabao 12 ya ligi, akabeba ubingwa, akatajwa mchezaji bora wa Serie A. Pale United, waliofunga mengi zaidi ligini ni Bruno Fernandes na Amad Diallo, manane kila mmoja.

Haya, hayo ndiyo maamuzi. Sasa njoo uone nani alilipa.

Mwaka 2024 klabu ilitangaza kufuta kazi watu 250. Februari 2025 ikarudi tena na kusema hadi wengine 200 huenda wakaenda. Hawa si wachezaji. Ni watu wa ofisini, wa tiketi, wa mapokezi, wengine wamekuwa pale tangu enzi za makombe. Kantini ya wafanyakazi Old Trafford ikafungwa, chakula cha mchana cha bure kikaisha, wakabakishiwa matunda. Katikati ya msimu bei ya tiketi kwa wanachama kwa mechi zilizobaki ikapandishwa hadi Pauni 66, zaidi ya Sh11,000, bila nafuu kwa watoto wala wazee. Mzee wa miaka 70 aliyeanza kwenda uwanjani kabla Sir Alex Ferguson hajafika Manchester, alilipa sawa na mtalii. Hata Ferguson mwenyewe, aliyewapa mataji 13 ya ligi, alikatwa kwenye kazi yake ya ubalozi wa klabu.

Najua kuna msee tayari anataka kunijibu: buda, klabu ilikuwa inakula hasara miaka mitano mfululizo, ulitaka wafanye nini? Mgala muue na haki yake mpe. Ni kweli hasara ilikuwepo. Na hakuna kampuni inayoweza kuishi milele ikitumia pesa kuliko inazoingiza.

Swali langu ni hasara ilitoka wapi. Haikutoka kwenye sahani ya supu ya karani wa tiketi. Ilitoka kwenye usajili wa bei ghali uliokosa mpango, kwenye mishahara minono ya wachezaji wasiotumika, na kwenye deni ambalo familia ya Glazer iliibebesha klabu ilipoinunua mwaka 2005. Sir Jim Ratcliffe, bilionea aliyenunua zaidi ya robo ya klabu Februari 2024 na kupewa usukani wa mambo ya soka, alikiri hadharani kwamba uamuzi kuhusu Ten Hag na Ashworth ulikuwa makosa. Vizuri, amekiri. Lakini aliyefanya uamuzi bado yuko kitini. Waliofutwa kwa uamuzi huo waliondoka na mamilioni. Yule dada wa mapokezi aliondoka na barua.

Kuna jambo lililoripotiwa mwezi Mei ambalo lilinigusa kuliko bao lolote la msimu. Timu ilikuwa imefika fainali ya Europa League mjini Bilbao, na wafanyakazi wa benchi la ufundi walitaka kwenda na familia zao. Klabu haikuwa inatoa tiketi za familia bure. Amorim akatoa pesa mfukoni mwake na kuwalipia takriban watu 30. Huyo alikuwa kocha wa miezi sita, ligini akipigwa kila wikendi, na bado ndiye aliyekumbuka kwamba timu ni pamoja na anayebeba mipira na kufunga bandeji.

Fainali yenyewe mnaikumbuka. Tottenham 1, United 0. Timu ya 17 ikaifunga timu ya 16, maana ndipo United walikuwa siku hiyo kwenye jedwali. Baada ya kucheza mashindano yote yale bila kupoteza mechi, baada ya ule usiku wa wazimu wa kuwatoa Lyon 5-4 kwa bao la Maguire dakika ya mwisho, wakaanguka kwa bao moja la Brennan Johnson. Hakuna Ulaya msimu unaofuata, hakuna pesa za Ulaya. Siku tatu baada ya ligi kuisha, kikosi kilekile kilichochoka kilikuwa Kuala Lumpur kwenye ziara ya kutafuta pesa, wakafungwa 1-0 na timu ya mastaa wa nchi za Kusini Mashariki mwa Asia.

Kwa nini haya yananikera mimi kijana wa Nairobi ambaye sijawahi kukanyaga Manchester? Kwa sababu nayajua. Niliacha chuo karo ilipokataa, nikaingia kazi. Pale nilipokuwa, mdosi alituita siku moja akasema mauzo yameshuka, sote tukaze mshipi. Chai ya saa nne ikakatwa. Wenzangu wawili wakaambiwa wasirudi. Mwezi haujaisha, gari jipya la mdosi likaegeshwa nje na sisi ndio tuliolipangusa. Ukiuliza vijana kumi mtaani, nadhani saba watakupa hadithi kama hiyo, wakibadilisha tu rangi ya gari.

Ndiyo maana huwa nashangaa nikisikia vijana wenzangu, watu wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, wakiwapigia makofi matajiri wa soka ati wanafanya "maamuzi magumu". Magumu kwa nani? Uamuzi mgumu ni ule unaokuuma wewe unayeufanya. Kumkata mtu mwingine chakula cha mchana ndio uamuzi rahisi kuliko wote duniani.

Sisemi tuhame timu. Mimi siendi popote, jezi yangu ya Gikomba bado iko. Msimu mpya ukianza nitakuwa kibandani kama kawaida, na wakisajili fowadi anayejua lango liko wapi nitapiga kelele kuliko wote. Ninachoomba ni kimoja. Tukikaa kuhukumu msimu, tusiishie kwa kipa na mabeki. Mabosi hawa wanaishi kwa jina la klabu, na jina hilo tunalijaza sisi, kuanzia Salford mpaka Kayole, kwa jezi tunazonunua na ving'amuzi tunavyolipia. Tuna haki ya kuwauliza maswali.

Na swali la kwanza, kwao na kwa yule mdosi wako, ni hili: mnapokata matumizi, mlianza kukata upande gani wa meza?