Mabonge kwenye maziwa ya unga: lipi la kukoroga, lipi la kuogopa

Umepima vijiko, umekoroga, na bado kuna weupe uliogoma kuyeyuka kwenye kikombe cha mtoto. Wazazi wengi huchuja na kuendelea. Kabla hujachuja angalia vizuri, maana kuna mabonge ya aina mbili na hayafanani hata kidogo.

La kwanza ukilibonyeza kwa kijiko linapasuka, ndani unakuta unga mkavu. Hapo maji yameshindwa kupenya tu. Maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta huwa na mafuta angalau asilimia 26, na mafuta na maji hayapatani. Ndiyo maana viwanda vingi huongeza lesithini, mara nyingi ya soya, ili unga ulowane haraka. Soma maandishi ya kopo, huenda ukaiona. Bonge hili halina neno: anza na maji ya vuguvugu kidogo, koroga hadi upate uji mzito, ndipo uongeze maji mengine.

La pili hata si bonge hasa. Ni chembe ndogo nyeupe ambazo hata ukoroge vipi hazipotei, na kikombe kikitulia zinazama chini. Hapa protini yenyewe ndiyo iliyobadilika. Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kazeini, na unga ukikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, kazeini hushikamana kiasi kwamba maji hayawezi tena kuitenganisha. Fikiria kopo linalokaa kabati la juu ya jiko. Au yale maziwa ya kupima, yanayofungwa kwenye vifuko na kuning'inizwa dukani jua likiyapiga tangu asubuhi.

Maabara za viwanda hupima jambo hili hivi: gramu 10 za unga usio na mafuta, au 13 za wenye mafuta, huwekwa kwenye mililita 100 za maji ya nyuzijoto 24. Mashine huchanganya kwa sekunde 90, maziwa yanaachwa dakika 15, kisha yanazungushwa kwa kasi ndani ya mrija wenye alama. Mashapo yanayobaki chini husomwa kwa mililita. Yakiwa mengi, unga huo una kasoro.

Nyumbani huna mashine hiyo, lakini glasi inayoonyesha unayo. Weka nusu glasi ya maji ya kawaida na kijiko kikubwa cha unga, koroga dakika moja na nusu, iache robo saa bila kuigusa, kisha mimina taratibu utazame kitakachobaki chini. Fanya hivyohivyo kwa unga wa kopo jipya ulinganishe. Mashapo mazito yakikutia shaka, dondoshea tone la ayodini ya kusafishia vidonda. Yakigeuka bluu iliyokaribia nyeusi, kuna wanga humo, na maziwa halisi hayana wanga. Ulichopima mwaga, asinywe mtu.

Jaribio hili ni kwa maziwa ya familia. Maziwa maalumu ya watoto wachanga yana utaratibu wake, usiyatengeneze kwa maji ya kawaida ati kwa sababu yameyeyuka vizuri. Unga huo si tasa, unaweza kubeba bakteria aitwaye Cronobacter, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza maji yaliyochemshwa yasiwe chini ya nyuzijoto 70 unapochanganya. Yapooze ndipo umpe mtoto. Chembe zikibaki, usiongeze kijiko cha unga kufidia, utayafanya mazito kupita kiasi kwa figo zake. Na maziwa ya unga ya kawaida, hata yawe yameyeyuka namna gani, si mbadala wa maziwa ya mama wala ya maziwa maalumu kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Kopo ulilokwisha kufungua lifunike vizuri, liweke pakavu mbali na jiko, na kijiko chenye maji kisiingie humo.