Mkasi wa Mhariri Hauna Kosa

Wapo wenzetu walimu hapa Kigali wadaio ya kwamba filamu za magari yafukuzanayo ni uongo mtupu, kwa kuwa zimekatwa na kuungwa, na kwamba hazistahili nafasi katika somo la Kiswahili. Twasema hasha! Ikiwa kukata na kuunga ni uongo, basi riwaya nayo ni uongo. Maana ni mwandishi gani asimuliaye kila hatua ya mhusika wake toka kitandani hadi sokoni?

Tutazame Bullitt, filamu ya mwaka 1968. Magari mawili yafukuzana kwa dakika 10 hivi katika vilima vya San Francisco. Mtazamaji makini ataona Volkswagen ile ile ya kijani ikipitwa, kisha ikipitwa tena na tena. Na gari la wauaji lapoteza vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu yenyewe. Barabara nazo zarukiana, kana kwamba gari lingeteremka Nyamirambo likaibukia Kimironko! Hata hivyo Frank P. Keller, aliyeihariri, alitunukiwa Oscar, na kwa haki. Kila kipande chadumu kiasi cha kutuonyesha uzito wa gari, ukali wa mteremko, na umbali baina ya afukuzaye na afukuzwaye. Muziki wanyamaza mbio zianzapo. Zabaki injini na matairi. Mtoto aliyekulia katika vilima vya Kigali hahitaji kuelezwa breki zina kazi gani pale.

Uongo tuuchukiao sisi ni mwingine. Ni wa zile filamu za siku hizi ambamo kipande hakidumu hata sekunde mbili: mkono, gia, jicho, moshi, hata usijue nani yuko mbele. Hapo mkasi hausimulii, waficha. Na gari likishapinduka, dereva hutoka akijipangusa vumbi. Vijana wetu huziona zikiwa zimesimuliwa upya kwa Kinyarwanda, ndizo ziitwazo agasobanuye, na sauti ya msimulizi (fundi kweli kweli, hatumbezi) huziba nyufa zilizoachwa na mhariri. Kesho yake wamo juu ya pikipiki wakiteremkia Nyabugogo.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Mwalimu na alete dakika tano za mbio hizo darasani, azime sauti, aulize: gari lilikuwa wapi kabla ya kipande hiki? Na yule mwenda kwa miguu tuliyemwona kando ya njia, amepatwa na nini?